Hugo Grotius: Mfungwa Aliyeiwekea Dola Mipaka

Utangulizi

Swali la iwapo serikali ina haki ya kumnyang'anya raia mali yake ni swali kongwe. Barabara haina budi kupita mahali fulani, na mara nyingi mahali hapo pana shamba la mtu, nyumba ya mtu na makaburi ya wazee wa mtu. Serikali isiyoweza kutwaa hata kipande kimoja cha ardhi haiwezi kujenga reli, bandari wala bwawa la maji. Kwa upande mwingine, serikali inayoweza kutwaa itakavyo humfanya kila raia kuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe. Baina ya ncha hizi mbili ndipo sheria za nchi nyingi, Kenya ikiwemo, zilipojaribu kuweka mpaka: mali ya mtu itwaliwe kwa manufaa ya umma tu, na mwenyewe alipwe fidia.

Aliyeyapa mamlaka hayo jina, na kuyafungamanisha na wajibu wa kulipa, ni Hugo Grotius, mwanasheria wa Uholanzi aliyeishi kati ya mwaka 1583 na 1645. Wasomi wa sheria humtaja kuwa miongoni mwa waasisi wa sheria ya kimataifa. Hata hivyo, wasomi wa lugha na fasihi nao wana sababu ya kumfahamu, kwa kuwa alikuwa mshairi na mwandishi wa tamthilia, na ni gerezani alikoamua kuiandika sheria ya nchi yake katika lugha ya mama badala ya Kilatini. Maisha yake yamejaa kinaya. Alianza kwa kutetea utekaji wa mali ya wengine kwa niaba ya nchi yake. Nchi hiyo hiyo ikaja kuitwaa mali yake. Na alipokuwa mkimbizi asiye na kitu ndipo alipoandika kwamba dola inayochukua mali ya mtu hubaki na deni.

Malezi na Elimu

Grotius alizaliwa tarehe 10 Aprili 1583 katika mji wa Delft. Jina lake la kuzaliwa lilikuwa Hugo de Groot; jina Grotius ni umbo la Kilatini ambalo wasomi wa zama hizo walipenda kulitumia. Baba yake, Jan de Groot, alikuwa msomi na kiongozi wa mji aliyekuwa na uhusiano wa karibu na Chuo Kikuu cha Leiden. Nchi aliyozaliwa ilikuwa vitani, ikipigania uhuru wake dhidi ya mfalme wa Uhispania. Mwaka mmoja baada ya kuzaliwa kwake, kiongozi wa mapambano hayo, William wa Orange, aliuawa kwa risasi huko huko Delft.

Chuo cha Leiden chenyewe kilikuwa tunda la vita hivyo. Mwaka 1574 Wahispania waliuzingira mji wa Leiden hadi wakazi wakafa kwa njaa na maradhi. Ili kuuokoa, viongozi wa Uholanzi waliamua kuyabomoa matuta yanayozuia bahari, maji yakaingia mashambani, na mashua za kivita zikaelea juu ya mashamba hadi karibu na kuta za mji. Leiden ikaokoka, na mwaka uliofuata ikatunukiwa chuo kikuu. Ila mashamba yaliyofunikwa na maji ya chumvi yalikuwa na wenyewe. Katika nchi ambayo sehemu yake kubwa imo chini ya usawa wa bahari, kila mtu alijua kwamba kuna siku shamba la mmoja huzama ili mji wa wengi upone. Swali lililobaki ni nani humlipa mwenye shamba maji yakishatoka.

Grotius aliingia katika chuo hicho akiwa na umri wa miaka 11. Tayari alikuwa ameanza kutunga mashairi ya Kilatini tangu utotoni. Alisomea fasihi ya kale chini ya Joseph Scaliger, mmoja wa wasomi mashuhuri wa Ulaya. Mwaka 1598, akiwa na umri wa miaka 15, alifuatana na kiongozi wa Uholanzi, Johan van Oldenbarnevelt, katika ujumbe wa kidiplomasia nchini Ufaransa. Huko alipata shahada ya udaktari wa sheria katika mji wa Orléans. Mwaka uliofuata aliapishwa kuwa wakili mjini The Hague.

Uwakili haukumtosha. Mwaka 1601 alichapisha tamthilia ya Kilatini kuhusu kufukuzwa kwa Adamu peponi, tamthilia ambayo wahakiki wengi huiorodhesha miongoni mwa kazi zilizotangulia utenzi maarufu wa John Milton kuhusu kisa hicho. Ni jambo la kustaajabisha kwamba kijana wa miaka 18, aliyefanikiwa kwa kila hali, alichagua kuandika kuhusu mtu anayepoteza makao yake. Miaka 17 baadaye kisa hicho kingemfika mwenyewe.

Wakili wa Ngawira

Mnamo Februari 1603 nahodha Mholanzi, Jacob van Heemskerk, aliiteka meli kubwa ya Wareno iliyoitwa Santa Catarina karibu na Singapore. Shehena yake, iliyokuwa na hariri na vyombo vya kauri kutoka Uchina, ilipopigwa mnada mjini Amsterdam iliingiza zaidi ya gilda milioni 3. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, iliyoundwa mwaka 1602, ilihitaji mtu wa kuthibitisha kwamba huo haukuwa uharamia. Kazi hiyo alipewa Grotius, ambaye hakuwa ametimiza hata miaka 25.

Aliandika kitabu kizima kuhusu sheria ya ngawira. Hakukichapisha, hati yake iligunduliwa katika karne ya 19 na kuchapishwa mwaka 1868. Sura moja tu ndiyo iliyotolewa wakati wa uhai wake, mwaka 1609, bila jina la mwandishi, chini ya anwani Mare Liberum, yaani bahari iliyo huru. Humo alidai kwamba bahari haiwezi kuwa mali ya taifa lolote, na kwamba Wareno hawakuwa na haki ya kuwazuia wengine kufanya biashara katika Bahari Hindi.

Hoja hiyo inaugusa moja kwa moja mwambao wa Afrika Mashariki. Tangu Vasco da Gama alipofika Mombasa na Malindi mwaka 1498, Wareno walikuwa wamejitangaza kuwa mabwana wa bahari hiyo. Walidai vyombo vya wenyeji viwe na hati za ruhusa, na mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa ili kuulinda utawala wao. Grotius aliyakanusha madai yao kwa hoja iliyokuwa nzito kwa wakati wake. Alisema kwamba watu wa India na visiwa vya mashariki walikuwa na serikali zao, sheria zao na mali zao kabla ya Mreno wa kwanza kuwasili. Hawakuwa ardhi tupu inayosubiri kugunduliwa. Kutokuwa Wakristo hakukuwaondolea umilki wa mali yao, na hakuna Papa aliyeweza kugawa kisichokuwa chake.

Ni haki kukiri kwamba hoja hiyo haikutolewa kwa ajili ya wenyeji. Ilitolewa kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kiholanzi. Katika mazungumzo na Waingereza mwaka 1613 na 1615, Grotius alizitetea haki za pekee ambazo kampuni hiyo ilidai katika biashara ya viungo, kinyume kabisa na uhuru alioupigania katika kitabu chake. Nao Waholanzi walipotia nanga katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, haikuchukua muda mrefu kabla ya ardhi ya Wakhoikhoi kuanza kuchukuliwa bila kuulizwa ni nani mwenyewe. Hata hivyo, neno likishatoka kinywani halirudi. Kanuni kwamba mtu haachi kuwa mmiliki kwa sababu tu mwenye nguvu amefika ilikuwa imekwisha kuandikwa.

Kuanguka

Kwa miaka kadhaa nyota ya Grotius iling'aa. Mwaka 1607 aliteuliwa kuwa mwendesha mashtaka wa serikali. Mwaka 1608 alimwoa Maria van Reigersberch. Mwaka 1613 akawa mshauri mkuu wa kisheria wa mji wa Rotterdam, cheo kilichomwingiza katika mabaraza ya juu ya nchi akiwa upande wa Oldenbarnevelt.

Wakati huo Uholanzi iligawanyika kwa mzozo wa kidini. Kundi moja la Waprotestanti lilishikilia kwamba wokovu wa kila mtu umekwisha kuamuliwa na Mungu kwa majaaliwa yasiyobadilika. Wafuasi wa Arminius nao walimwachia binadamu nafasi ya kukubali au kukataa. Oldenbarnevelt na Grotius walitaka pande zote mbili zivumiliwe ndani ya kanisa moja. Mwanamfalme Maurits, kamanda wa majeshi, akaegemea upande wa wapinzani wao. Mzozo wa majaaliwa ukageuka kuwa mzozo wa nani atawale.

Tarehe 29 Agosti 1618, Oldenbarnevelt, Grotius na mwenzao Rombout Hogerbeets walikamatwa. Mahakama maalumu iliundwa kwa ajili yao. Oldenbarnevelt, mzee aliyepita miaka 70, alikatwa kichwa tarehe 13 Mei 1619. Siku tano baadaye Grotius alihukumiwa kifungo cha maisha na mali yake yote itwaliwe na dola.

Adhabu hiyo ya pili inastahili kuangaliwa kwa makini. Kulingana na desturi za kisheria za Uholanzi, mali yote ya mtu haikuweza kutwaliwa ila kwa makosa machache mazito, hususan uhaini. Hukumu yenyewe haikuwa imelitaja kosa hilo waziwazi. Mwaka uliofuata majaji walitoa tamko kwamba nia yao ilikuwa kuwahukumu washtakiwa kwa uhaini. Kwa maneno mengine, mali ilichukuliwa kwanza, kisha sababu ikatafutwa. Grotius aliyelalamikia jambo hilo baadaye hakuwa mjinga wa sheria. Alikuwa mwendesha mashtaka wa zamani wa nchi hiyo hiyo, naye alifahamu fika maana ya serikali kujiandikia uhalali baada ya tendo.

Loevestein na Lugha ya Mama

Mnamo Juni 1619 alipelekwa katika ngome ya Loevestein, iliyojengwa mahali mito miwili mikubwa inapokutana. Mkewe Maria aliruhusiwa kuishi naye pamoja na watoto wao. Yasimuliwa kwamba mama huyo aliikataa posho ndogo ambayo serikali ilitenga kwa chakula cha mfungwa, akisema kuwa atamlisha mumewe kwa fedha zake mwenyewe. Nyumba iliyonyang'anywa kila kitu ilikataa kulishwa na mnyang'anyi.

Mfungwa aliruhusiwa vitabu. Marafiki katika mji wa karibu wa Gorinchem walimpelekea vitabu kwa sanduku, na vilivyosomwa vikarudishwa kwa sanduku hilo hilo. Katika miezi isiyozidi 22 aliyokaa humo, Grotius aliandika kazi mbili zenye umuhimu wa pekee kwa mwanafunzi wa lugha, na zote mbili aliziandika kwa Kiholanzi.

Ya kwanza ni shairi refu la kuitetea dini ya Kikristo, ambalo alilikusudia mabaharia wa kawaida waliokutana na watu wa dini nyingine ng'ambo ya bahari. Baadaye alilifanya upya kwa nathari ya Kilatini, na kitabu hicho kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Tafsiri ya Kiarabu ilitoka mwaka 1660.

Ya pili ni utangulizi wa sheria ya Uholanzi, uliochapishwa mwaka 1631. Kabla yake, msomi aliyetaka kuandika sheria kwa utaratibu wa kitaalamu aliandika Kilatini, na mwananchi wa kawaida alihukumiwa kwa sheria ambayo hangeweza kuisoma. Grotius alitafuta neno la Kiholanzi kwa kila dhana ya umilki, rehani, mkataba, urithi na fidia. Pale neno lilipokosekana alilibuni kutokana na mizizi iliyokuwepo. Istilahi za Kilatini aliziweka pembeni mwa ukurasa, zimsaidie msomi aliyezizoea bila kumzuia msomaji wa kawaida. Inasemekana kwamba aliwakusudia hasa wanawe, watoto ambao urithi wao ulikuwa umekwenda na hukumu. Kitabu hicho kilifika Afrika Kusini pamoja na sheria ya Kiholanzi, na mahakama za huko zimekuwa zikikirejelea karne nyingi baada ya mwandishi kufa. Wale wanaoshughulikia usanifishaji wa istilahi za Kiswahili katika nyanja ya sheria wataiona hapa sura ya kazi yao wenyewe.

Maria ndiye aliyegundua kwamba walinzi walikuwa wamechoka kulikagua sanduku. Tarehe 22 Machi 1621 Grotius aliingia ndani yake, akajikunja, akafungiwa. Askari waliolibeba walilalamikia uzito, wakatania kwamba huenda mfuasi wa Arminius yumo humo. Mke wa mfungwa akawajibu kwa utulivu kuwa ni vitabu vya Arminius. Kijakazi wao, Elsje van Houwening, alisafiri na sanduku hilo mtoni hadi Gorinchem, akihakikisha kwamba halipinduliwi wala halitupwi ovyo. Kutoka hapo Grotius alivaa mavazi ya mwashi, akashika kipimo cha mwashi mkononi, akapita katikati ya soko na kuvuka hadi Antwerp. Maria alibaki ngomeni kuwakabili wenye hasira, naye aliachiliwa baada ya wiki mbili hivi. Bila ya wanawake hao wawili dunia isingekuwa na kitabu kinachofuata.

Umilki Mkuu wa Dola

Grotius alifika Paris mnamo Aprili 1621. Mfalme Louis wa 13 alimwahidi malipo ya kila mwaka, ahadi ambayo mara nyingi ilichelewa kutimizwa. Katika hali hiyo ya ukata, mwaka 1625, alichapisha De Jure Belli ac Pacis, kitabu kuhusu sheria ya vita na amani. Kitabu hiki kinajulikana zaidi kwa kanuni zake za vita, lakini ndani yake mna mafungu mafupi yaliyobadilisha mjadala wa mali.

Grotius alitambua kwamba juu ya umilki wa kila raia kuna umilki mwingine wa jamii nzima, ambao aliuita kwa Kilatini dominium eminens, yaani umilki mkuu. Kwa umilki huo, dola au anayetawala kwa niaba yake anaweza kuitumia mali ya raia, kuihamisha na hata kuiharibu. Anaweza kufanya hivyo si katika dharura peke yake bali pia kwa manufaa ya umma. Hoja yake ni kwamba watu walipoungana kuunda jamii, walikubali kuwa maslahi ya mmoja yatayapisha maslahi ya wote panapokuwa na haja ya kweli.

Lau angekoma hapo, angekuwa amewapa watawala panga bila ala. Hakukoma. Alitia masharti ambayo ndiyo kiini cha mchango wake. Kwanza, sababu lazima iwe manufaa ya umma, wala si matakwa ya mtawala. Pili, aliyepoteza mali yake sharti afidiwe kutoka katika hazina ya wote, na yeye mwenyewe achangie katika hazina hiyo fungu lake kama raia mwingine yeyote, lisilozidi hapo. Tatu, hata dola ikiwa haina uwezo wa kulipa kwa wakati ule, deni halifi. Hulala tu, na uwezo ukirudi huamka.

Mantiki ya sharti la pili huelezeka vyema kwa mfano wa bahari, ambao Grotius mwenyewe aliufahamu kutokana na sheria za kale. Chombo kinapokumbwa na dhoruba, nahodha huweza kuitosa shehena ya mfanyabiashara mmoja ili roho na mali za wengine ziokoke. Hakuna anayemlaumu nahodha. Ila chombo kikifika bandarini salama, wote waliookolewa huchanga kumfidia yule ambaye bidhaa zake zimo vilindini. Si haki mtu mmoja aubebe peke yake mzigo wa usalama wa wengi. Shamba lililofurikwa ili mji wa Leiden uokoke ni shehena iliyotoswa, na mji wote ni mdaiwa.

Vilevile Grotius alitofautisha kutwaa mali kwa manufaa ya umma na kutwaa mali kama adhabu. Adhabu humhitaji mkosaji. Umilki mkuu hauhitaji kosa lolote, na ndiyo maana huhitaji fidia. Mwandishi wa tofauti hiyo alikuwa mtu ambaye mali yake ilichukuliwa kwa jina la adhabu iliyotafutiwa kosa baadaye. Hakujitaja katika mafungu hayo, wala hakuhitaji kujitaja.

Miaka ya Mwisho

Grotius hakuacha kuitamani nchi yake. Mwaka 1631 alirejea Uholanzi akitumaini kwamba chuki zimepoa, lakini hakukubali kuomba msamaha kwa kosa ambalo hakulitambua. Serikali ikatangaza zawadi ya gilda 2,000 kwa atakayemkamata, naye akaondoka tena mwaka 1632 kuelekea Hamburg. Kuanzia mwaka 1635 alikuwa balozi wa Uswidi mjini Paris, akihudumia taifa la wengine kwa kuwa lake lilikuwa limemkataa. Akiwa uhamishoni aliandika pia tamthilia kuhusu Yusufu katika nchi ya Misri, kisa cha mtu aliyeuzwa na ndugu zake akawa mkubwa ugenini.

Mwaka 1645 aliachishwa ubalozi, akaenda Stockholm, kisha akaondoka kwa njia ya bahari. Chombo chake kilivunjwa na dhoruba katika Bahari ya Baltiki. Alitolewa ufuoni akiwa mgonjwa, akasafirishwa hadi mji wa Rostock nchini Ujerumani, na akafa huko tarehe 28 Agosti 1645. Mwili wake ulirudishwa Delft na kuzikwa katika Kanisa Jipya, alimozikwa pia William wa Orange. Mwaka 1886 sanamu yake ilisimamishwa katika uwanja wa soko wa mji huo. Leo makumbusho zaidi ya moja nchini Uholanzi huonyesha sanduku na kudai kuwa ndilo lililombeba.

Urithi na Tathmini

Kanuni ya Grotius ilipokelewa na wanasheria waliomfuata, kisha ikaingia katika sheria za mataifa. Tamko la haki za binadamu la Ufaransa la mwaka 1789 na marekebisho ya tano ya Katiba ya Marekani ya mwaka 1791 yote yalidai kwamba mali isitwaliwe kwa matumizi ya umma bila fidia ya haki. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 40, inaruhusu utwaaji wa ardhi kwa ajili ya umma, lakini inataka mwenyewe alipwe fidia kamili, ya haki, na bila kuchelewa, na imempa haki ya kwenda mahakamani.

Haki hiyo ya mwisho ndiyo iliyokosekana kwa Grotius. Yeye alimwachia mtawala kuamua manufaa ya umma ni nini, wala hakumpa raia hakimu wa kusimama kati yao. Aidha, alisita sana kumruhusu raia kumpinga mtawala wake. Udhaifu huo umeendelea kuwatesa walimwengu. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliuruhusu mji wa New London katika jimbo la Connecticut kutwaa nyumba za watu ili eneo hilo liendelezwe na wawekezaji wa kibinafsi, kwa hoja kwamba ajira na kodi zitakazopatikana ni manufaa ya umma. Majimbo mengi yalitunga sheria za kuyapunguza mamlaka hayo baada ya uamuzi huo. Mradi wenyewe haukujengwa ulivyokusudiwa, na kwa miaka mingi mahali palipokuwa na nyumba palibaki magugu.

Kenya nayo ina kumbukumbu yake. Sheria ya Ardhi za Ufalme ya mwaka 1915 iliifanya ardhi iliyokaliwa na Waafrika kuwa mali ya Mfalme wa Uingereza. Hapakuwa na haja ya kuthibitisha manufaa ya umma wala kulipa fidia ya kweli, kwa sababu wenyeji walihesabiwa kuwa hawamiliki chochote cha kutwaliwa. Huo ulikuwa ni ukanushaji wa kile ambacho Grotius alikiandika mwaka 1609, kwamba kuwasili kwa mgeni mwenye nguvu hakumwondolei mwenyeji umilki wake. Kwa hiyo mpaka anaouchora Grotius una nguzo tatu, si mbili: manufaa ya umma, fidia, na kwanza kabisa kukubali kwamba anayenyang'anywa ni mwenye mali.

Hitimisho

Maisha ya Hugo Grotius hayampi msomaji shujaa asiye na doa. Aliitumikia kampuni iliyokuja kuwadhulumu wengi, na hoja zake za uhuru alizikunja pale maslahi ya nchi yake yalipodai hivyo. Hata hivyo, alipopoteza kila kitu hakuandika kwamba dola isiguse mali ya mtu kamwe, jambo ambalo lingetarajiwa kwa mtu aliyeumizwa. Aliandika kwamba dola inaweza kuigusa, lakini ikishaigusa inadaiwa. Deni hilo, alisema, hulala lakini halifi.

Kiswahili kina neno zuri kwa deni hilo. Fidia ni malipo ya kilichopotea, na pia ni kikombozi kinachomtoa mtu kifungoni. Anayefidiwa hapati zawadi, na anayefidia hafanyi hisani. Katika nchi ambayo Kiswahili ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza, ilhali hati nyingi za utwaaji wa ardhi humfikia mwanakijiji katika lugha asiyoisoma, mfungwa wa Loevestein amewaachia wanafunzi wa Kiswahili kazi iliyo wazi. Alijua kwamba mtu hawezi kuitetea mali yake kwa sheria asiyoielewa, na akaanza kwa kutafuta maneno.